Kivuli cha Voi katika Mlangobahari wa Makassar

Alhamisi, 3 Machi 2016. Singapore

Meli iling'oa nanga saa kumi na mbili jioni, na mpaka majengo ya Marina Bay yanapotea nyuma yetu, kundi zima lilikuwa bado limesimama sitahani. Tuko thelathini na kitu: walimu, wauguzi, mhandisi wa maji kutoka Dar es Salaam, Wazanzibari wanaoishi Muscat, familia moja kutoka Uingereza, na wastaafu wa Mombasa akiwemo mjomba wangu. Meli yenyewe ina abiria zaidi ya elfu moja, na wengi wao wamekuja kwa jambo moja. Jumatano ijayo, tarehe 9, jua litapatwa kikamilifu juu ya Indonesia, na meli itajiweka katikati ya njia ya kivuli, kwenye mlangobahari ulio baina ya Kalimantan na Sulawesi. Kabla na baada ya siku hiyo tutatembea Java, Makassar, Komodo, Lombok na Bali.

Nyumbani wengi waliniuliza meli ya nini, ikiwa kivuli kitapita pia juu ya miji kama Palembang, Palangkaraya, Palu na Ternate. Sababu ni mawingu. Mwezi wa Machi mvua bado zinanyesha Indonesia, na wingu moja likikaa mbele ya jua kwa dakika tatu, safari yote imekwisha. Aliye nchi kavu hana la kufanya ila dua. Meli inaweza kwenda usiku kucha kutafuta mahali palipo wazi.

Ijumaa, 4 Machi. Baharini

Tumevuka Ikweta alfajiri. Wageni wa Ulaya walifanya sherehe bwawani. Sisi tuliopita Nanyuki na Kisumu mara nyingi tulibaki kwenye chai.

Swala ya Ijumaa imeswaliwa katika ukumbi mdogo wa chini, wahudumu wa meli wa Kijava wakaja kujumuika nasi. Baadaye mmoja wao alimletea Mjomba sahani ya ndizi za kukaanga bila kuombwa.

Jumamosi, 5 Machi. Semarang na Borobudur

Mabasi yalitoka bandarini mapema, kwa kuwa Borobudur iko mbali na barabara inapanda mlima kwa magari mengi. Wenzetu waliobaki mjini walikwenda hekalu la Sam Poo Kong, lililowekwa kwa ajili ya Zheng He, amiri wa manowari za China, ambaye misafara yake ilifika hadi Malindi. Twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka 1415. Ningependa kwenda kote kuwili, lakini siku ni moja.

Borobudur ilijengwa na Wabuddha wa Java zaidi ya miaka elfu na mia moja iliyopita. Ni kilima cha mawe kilichopangwa ngazi juu ya ngazi, na kuta zake zina picha za kuchongwa zaidi ya elfu mbili na mia sita. Watu wengi hupanda moja kwa moja hadi juu, kwenye zile kuba sabini na mbili zenye matundu, kila moja na sanamu ya Buddha ndani. Mimi nilitaka meli. Kwenye ukuta wa ngazi za chini kuna merikebu za tanga zilizochongwa vizuri mno: milingoti miwili, kamba, mabaharia wanaohangaika na tanga, na ubavuni matengo, yale yale yanayozuia ngalawa zetu zisipinduke. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa anachokiona.

Mwaka 2003 chombo kilichoundwa kwa kufuata picha hizo kilitoka Jakarta kwa matanga, kikapitia Seychelles na Madagascar, kikazunguka kusini mwa Afrika na kufika Accra, Ghana, mapema mwaka 2004. Kinaitwa Samudra Raksa, na sasa kimewekwa kwenye makumbusho hapo hapo chini ya kilima. Mjomba alikizunguka chote, omo hadi tezi, akigusa kamba kila mlinzi alipogeuka.

Lakini jambo la leo lililonigusa kuliko mawe ni alilotusimulia mwongoza watalii wetu, mwanamume wa miaka arobaini na kitu. Tarehe 11 Juni 1983 jua lilipatwa kikamilifu hapa hapa, katikati ya Java. Yeye alikuwa shule ya msingi. Serikali ya Suharto, rais wa wakati ule, ilitangaza kwamba kuangalia kutapofusha watu, na badala ya kuwafundisha watu namna ya kulinda macho, ikawaambia wabaki ndani. Kwao waliziba madirisha kwa magazeti na mablanketi. Watoto waliwekwa chini ya meza. Wataalamu walikuja kutoka nchi za mbali kusimama kwenye kivuli kile, naye aliyezaliwa chini yake akaangalia kwenye televisheni. Anakumbuka chumba kilivyoingia giza na mama yake akimshika mkono asikimbilie mlangoni.

Niliona watu wa kundi letu wakinyamaza. Nimekuwa mwalimu wa jiografia kwa muda mrefu, na kila jua linapopatwa hata kidogo Mombasa, huwa kuna shule zinazofungia watoto madarasani. Kwa nia njema, najua. Hatari ya macho ni ya kweli: jua likibaki hata kipande chembamba huunguza jicho bila maumivu, na jicho halirudi. Ila dawa yake ni miwani maalumu, au kioo cheusi cha mchomeleaji cha namba 14, au kadibodi iliyotobolewa tundu dogo ili sura ya jua ianguke chini kwenye karatasi. Hayo yote yanapatikana. Kumfungia mtoto ni kumnyang'anya.

Mwongoza watalii alituambia safari hii serikali yake imegeuka kabisa: imeandaa matamasha katika mikoa kumi na kitu na inawaalika wageni. Yeye mwenyewe ameomba ruhusa kazini na amekata tiketi ya kwenda Palu.

Jumapili, 6 Machi. Surabaya

Harufu ya kwanza iliyotupokea bandarini ni karafuu. Wazanzibari wetu walisimama pale pale. Inatoka kwenye kretek, sigara za tumbaku iliyochanganywa na karafuu, ambazo huku huvutwa kila kona. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya nchi hii, Ternate na Tidore na jirani zake. Wafaransa walitorosha miche hadi Mauritius katika karne ya 18, na kutoka visiwa vya upande huo ikafika Unguja, ambako Sayyid Said bin Sultan aliifanya zao la dola yake. Baadaye, viwanda vya kretek vya Java vilipozidiwa na mahitaji, Indonesia ikawa inanunua karafuu kutoka Zanzibar kwa wingi, mpaka ilipopanda za kutosha tena kwake. Bibi mmoja wa Pemba aliye nasi alisema baba yake alikuwa akijua kwamba magunia yake yanakwenda Java, lakini hakujua yanakwenda kufanya nini.

Mchana tulikwenda mtaa wa Ampel, penye msikiti wa karne ya 15 na kaburi la Sunan Ampel, mmoja wa mawalii tisa wanaosifika kwa kueneza Uislamu Java. Vichochoro vyake vinauza tende, kofia, misbaha, mafuta mazuri na saruni. Wenye maduka wengi ni wa asili ya Hadhramaut. Mzee mmoja alipojua tumetoka Mombasa alileta viti na kahawa ya tangawizi, akaanza kutaja koo, na Mjomba akimjibu kwa majirani zake wa Mji wa Kale. Babu zao walipanda majahazi kutoka mwambao mmoja, hawa wakafuata upepo huu na wale upepo ule. Mzee alikataa kupokea pesa za kahawa. Mjomba akanunua saruni mbili ili asiondoke mikono mitupu.

Jumatatu, 7 Machi. Baharini

Siku ya mihadhara. Ukumbi umejaa. Mnajimu aliyealikwa na meli alizungumzia mzunguko uitwao Sarosi, waliougundua Wababeli kwa kuweka kumbukumbu vizazi kwa vizazi. Kila baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi, jua, mwezi na dunia hurudi katika mpangilio unaokaribia kuwa ule ule, na jua hupatwa tena kwa namna ile ile. Zile saa nane ndizo zinazoleta tofauti. Katika muda huo dunia imeshazunguka theluthi moja zaidi, kwa hiyo kivuli huangukia mbali upande wa magharibi, theluthi ya dunia kutoka kilipoanguka mara ya kwanza. Ni ukoo, na kila ukoo una namba. Huu tunaoungojea ni Sarosi 130.

Kisha akaonyesha ramani za ukoo huo. Aliyetangulia: 26 Februari 1998, Galápagos, Panama, Kolombia, Venezuela na visiwa vya Karibi. Wa kabla yake: 16 Februari 1980, kivuli kikitokea Atlantiki, kikavuka Angola, Zaire, Tanzania na Kenya, kikaingia Bahari ya Hindi na kwenda India.

Hapo Mjomba alisimama. Ukumbi mzima uligeuka.

Mwaka 1980 alikuwa kijana wa miaka 22, mfanyakazi wa reli pale Voi. Hii ndiyo sababu yuko kwenye meli hii kwa kiinua mgongo chake. Alisimulia kwa Kiswahili, nami nikamfasiria. Ilikuwa yapata saa tano na nusu asubuhi. Wageni wenye darubini walikuwa wamejaa Taita siku kadhaa kabla, kwa hiyo watu wa stesheni walijua kuna jambo, lakini hakuna aliyejua ni jambo la namna gani. Fundi mmoja wa karakana aliwapa zamu ya kuangalia kwa kinyago cha kuchomelea. Mbuzi waliacha kula. Vivuli vya majani ya mwarobaini vilijaa hilali nyingi ndogondogo ardhini. Halafu giza lilikuja kutoka Kilimanjaro, akasema, akitumia mikono yote miwili. Lilikaa karibu dakika nne. Wanawake waliokuwa wakiuza maembe kwenye behewa walipiga vigelegele, wengine walilia, na yeye aliona nyota juu ya Voi mchana.

Alimuuliza mnajimu kama ni kweli kwamba kivuli cha Jumatano ni ndugu wa kile. Mnajimu alimwambia ndiyo, ni mjukuu wake, na hata urefu wao katika kilele haukupishana: wa 1980 dakika 4 na sekunde 8, wa 2016 dakika 4 na sekunde 9. Sisi hatutapata zote, kwa kuwa kilele cha safari hii kiko mbali huko Pasifiki. Kwenye mlangobahari tutapata zaidi kidogo ya dakika mbili na nusu.

Watu walimpigia makofi Mjomba kwa muda mrefu. Jioni nzima alikuwa akisimamishwa kwenye korido na watu asiojua lugha zao, wakitaka kumshika mkono.

Jumanne, 8 Machi. Mlangobahari wa Makassar

Kushoto kwetu, mbali tusikoweza kuona, ni Kalimantan. Kule kusini yake, kando ya mto Barito, ndiko kunakozungumzwa lugha zilizo karibu kabisa na Kimalagasi. Wazee wa Wamalagasi walitoka upande huu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakavuka bahari nzima hadi Madagascar, jirani yetu. Mlangobahari huu pia ndio mpaka alioutambua Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, katika karne ya 19: magharibi yake wanyama ni wa Asia, na mashariki yake mambo yanaanza kubadilika kuelekea Australia.

Lakini leo nani ana nafasi ya Wallace. Kutwa nzima ni mawingu. Asubuhi kulikuwa na mvua, mchana mawingu makubwa yalijipanga juu ya Sulawesi, na watu walikuwa wakiangalia juu kila baada ya dakika mbili. Nahodha alitangaza saa kumi kwamba anapokea picha za setilaiti na kwamba hataamua mahali pa mwisho mpaka usiku wa manane. Njia ya kivuli hata kilomita 160 kwa upana haifiki, lakini ni ndefu, na ana nafasi ya kusogea huku na huku ndani yake bila kutoka katikati.

Tulifanya zoezi. Taa zote za sitaha hujiwasha zenyewe giza linapoingia, na zikiwaka wakati ule zitaharibu kila kitu, kwa hiyo fundi wa umeme alizikata moja moja mbele yetu. Meli itaelekezwa ili moshi wa dohani uende upande usio na jua. Haitasimama kabisa, itakwenda polepole, kwa sababu chombo kilichosimama huyumba zaidi. Wenye kamera walifunga stendi zao kwa kamba na kugombania nafasi kwa adabu.

Wahudumu wa Bali wana siku yao kesho: Nyepi, mwaka mpya wao, siku ya kimya. Kisiwa kizima hakuna kuwasha moto wala taa, hakuna kazi, hakuna kusafiri, hata uwanja wa ndege unafungwa kwa saa 24. Usiku huu huko kwao wanapitisha mitaani masanamu makubwa ya mashetani kwa kelele ya kuyafukuza. Kijana anayetandika vitanda vyetu alisema hajawahi kuikosa. Nilimuuliza kama anaona ajabu jua kupatwa siku hiyo hiyo. Alisema mwezi mwandamo ndio unaoileta Nyepi, na bila mwezi mwandamo jua halipatwi, kwa hiyo haoni ajabu, anaona vimekutana. Ni kweli. Ndiyo hesabu yenyewe.

Jumatano, 9 Machi. Kusini mashariki ya Balikpapan

Nimeamka saa kumi alfajiri. Mjomba alikuwa ameshaswali na kukaa kwenye kiti chake cha sitaha ya juu, amevaa moja ya saruni za Ampel na kofia ya vito.

Nyota zilionekana! Nahodha alikuwa amekwenda usiku kucha kuelekea kaskazini magharibi na kutuweka penye anga karibu tupu. Jua lilichomoza nyuma ya tabaka jembamba juu ya Sulawesi, likajitoa, likapanda. Kufika saa moja hakuna aliyekaa.

Saa moja na nusu kasoro dakika chache mtu wa kwanza alipiga kelele. Kwenye miwani, jua lilikuwa limemegwa upande wa juu, kidogo tu. Katika saa nzima inayofuata mwezi hula polepole, na mwanga haubadiliki kwa namna unayoweza kuisema. Watu wanakunywa chai. Wanapashana miwani na wahudumu, na hili lilinifurahisha sana, maana nahodha alikuwa ameagiza kila mfanyakazi asiye kwenye zamu ya lazima apande juu. Wapishi walikuja na kofia zao. Kuna waliotoka chumba cha mashine, ambao nadhani hawajaliona jua kwa siku kadhaa.

Waislamu wa meli, abiria na mabaharia, walipanga safu kwenye sitaha ya nyuma kwa Swala ya kupatwa kwa jua. Rakaa mbili, kila rakaa ina visomo viwili na rukuu mbili, ndefu. Kibla kutoka hapa ni magharibi kuelekea kaskazini kidogo. Kwa hiyo jua linaloliwa lilikuwa mgongoni mwao, na wameelekea upande ambao kivuli kitatokea. Imamu, Mjava wa jikoni, alikumbusha kwa maneno machache kwamba Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa siku hiyo, aliwakataza watu kusema limepatwa kwa ajili ya kifo. Jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Saa mbili na robo mwanga ulianza kuwa mgonjwa. Rangi za sitaha zilififia lakini kingo za vitu zikawa kali, kivuli cha kidole changu kikionyesha hata nywele. Joto lilishuka, upepo ukageuka. Tulikuwa tumetandika shuka jeupe ili kutafuta ile mistari ya kivuli inayosemekana hutambaa ardhini dakika za mwisho. Hatukuiona. Tuliona hilali kila mahali, chini ya kofia ya ukindu ya yule bibi wa Pemba, kwenye ukuta, kwenye mikono ya watu.

Nilimtazama Mjomba badala ya jua. Alikuwa amegeukia magharibi, kuelekea Kalimantan. "Linakuja," alisema. "Mwanangu, linakuja, lile lile."

Upeo wa magharibi ulikuwa umekuwa zambarau nzito, kama ukuta wa mvua ya masika usio na mvua. Ulitufikia kwa kasi ambayo mwili unaikataa. Nikageuka, nikainua miwani: uzi wa mwanga, kisha punje punje pale mwanga unapopenya kwenye mabonde ya mwezi, ndizo shanga za Baily, kisha tone moja. Likazimika. Saa mbili na dakika thelathini na tano. Nikavua miwani.

Nimeona picha nyingi na zote ni pungufu. Pale jua lilipokuwa palikuwa na tundu jeusi, jeusi kuliko usiku wowote, na kulizunguka taji la jua, korona, nyeupe ya fedha, yenye nyuzi nyuzi zilizochanuka pande zote kwenda mbali kuliko nilivyotegemea. Ukingoni mwa weusi ndimi ndogo za moto za rangi ya waridi. Zilionekana kwa macho matupu. Juu yake Zuhura iling'aa. Anga lilikuwa buluu ya saa moja kasorobo usiku, na upeo wote, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, ulikuwa rangi ya machungwa ya machweo, kwa sababu huko kote nje ya kivuli bado ilikuwa asubuhi.

Watu elfu moja hawakunyamaza. Ilikuwa ni kelele, takbira, kilio, Kijapani, Kijerumani, vigelegele vya bibi wa Pemba vilivyokwenda bila kukata pumzi. Mhandisi wetu, mtu mkimya, alikuwa akisema "subhanallah" mfululizo. Mpishi mmoja alipiga magoti. Sikupiga picha hata moja, na hilo nalisema kwa kila anayejiandaa: waachie wenye mitambo. Dakika mbili na nusu hazitoshi kwa kamera na kwa macho.

Mjomba alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, machozi yakishuka hadi kwenye ndevu. Nilimshika mkono wa kushoto. Hakunitazama.

Kisha ukingo wa juu wa kulia ukaanza kuwaka waridi, tone la almasi likatokea, mwanga ukarudi juu ya bahari, na kila mtu akatoa ule mguno mmoja. Kabla ya saa nne jua lilikuwa zima tena. Wengi walikuwa wameshashuka kula. Sisi tulibaki mpaka mwisho, kwa kuwa Mjomba hakutaka kuondoka likiwa bado na pengo.

Jioni nilipata ujumbe kwa simu, kupitia kwa mwenzetu aliyebadilishana namba naye: mwongoza watalii wa Borobudur ameliona, Palu, chini ya anga safi, pamoja na binti yake.

Alhamisi, 10 Machi. Makassar

Wengi wamelala hadi mchana. Mimi nilishuka kwenda bandari ya Paotere kuona majahazi ya Wabugi, pinisi, yakipakia saruji na mchele kwa mabega, omo zote zimeelekea baharini. Wanaunda kwa mbao, mbavu huwekwa baada ya ubao wa nje, na yanaendelea kufanya kazi katika nchi ya visiwa zaidi ya elfu kumi na saba. Fundi wa Lamu angekaa hapa mwezi.

Ngome ya Rotterdam, walikofungwa wengi na Waholanzi. Mwanamfalme Diponegoro wa Java, aliyepigana nao kuanzia 1825 hadi 1830, alifariki uhamishoni katika mji huu mwaka 1855. Usiku, ufukwe wa Losari, ndizi za kuchoma zilizopondwa na kumwagiwa asali ya sukari ya mnazi. Nimekula mbili.

Ijumaa, 11 Machi. Komodo

Mijusi mikubwa kuliko yote duniani, wengine hufika mita tatu. Tulitembea kwa safu na walinzi wenye fimbo ndefu zenye panda. Tuliona wanne kivulini, hawakujishughulisha nasi. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1980, jambo ambalo Mjomba alilipokea kwa furaha kubwa. Sasa kila cha mwaka huo ni chake.

Jumamosi, 12 Machi. Lombok

Asubuhi, meli ilipokuwa ikiingia Lembar, wavuvi walikuwa wakirudi. Kundi letu lote lilikimbilia upande mmoja. Ni ngalawa! Mtumbwi mwembamba, matengo pande zote mbili, tanga la pembe tatu. Omo imechongwa kwa namna nyingine, kama kinywa cha samaki, na wamepaka rangi zaidi yetu, lakini mtu wa Kizimkazi au Msambweni angeingia na kushika usukani.

Kwa upande wetu wa bahari ngalawa ya matengo mawili ipo Pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagascar, na kwa asili imetoka huku. Pamoja nayo, au kwa njia zinazofanana nayo, ilifika migomba. Nilikuwa nikifundisha hayo kwa ramani ya ubaoni. Ufukweni, kijiji kidogo kusini ya bandari, mvuvi mmoja alimruhusu Mjomba akae ndani ya chombo chake, na wakazungumza kwa nusu saa kwa mikono kuhusu namna ya kufunga tengo kwenye mti wake. Mjomba alionyesha fundo la Vanga. Mvuvi akalifungua, akafunga la kwake, kisha wakabadilishana tena.

Jumapili, 13 Machi. Benoa, Bali

Mwisho wa meli. Penjor, zile mianzi mirefu iliyopinda na kupambwa kwa makuti, bado zimesimama mbele ya nyumba. Kijana wa vitanda alipata ruhusa ya saa tatu kwenda kumwona mama yake, na alitujulisha kwamba huko Bali jua lilipatwa sehemu kubwa tu, na kwamba wengi waliliona wakiwa ua wa nyumbani, kwa kuwa kutoka hakuruhusiwi.

Kundi lilikaa mara ya mwisho chini ya mti karibu na gati, na mazungumzo yote yalikuwa ya mbele. Tarehe 1 Septemba mwaka huu huu jua litapatwa kwa umbo la pete juu ya kusini mwa Tanzania, na Rujewa, mkoa wa Mbeya, iko ndani ya njia. Pete si giza, miwani haivuliwi hata nukta moja, lakini ni kwetu, na mhandisi ana ndugu Mbarali. Tumekubaliana kupeleka miwani ya kutosha shule mbili au tatu za huko, na walimu wa kundi wataandika mapema barua kwa walimu wakuu.

Baada ya hapo ni 2 Agosti 2027. Huo ni ukoo mwingine, Sarosi 136, ndugu wa ule uliotia giza Turkana tarehe 30 Juni 1973. Utapita Luxor kwa dakika zaidi ya sita, kisha Jeddah na Makka. Mjomba atakuwa na miaka 69. Ameshaandikisha jina lake la kwanza kwenye daftari la bibi wa Pemba, akaandika na langu chini yake, na akauliza kama visa ya umra hukatwa miezi mingapi kabla.

Kuhusu 20 Machi 2034, ambapo Sarosi 130 itarudi Afrika na kupita Nigeria, Kamerun, Chad, Sudan na Misri, alisema tusiweke daftarini bado. Lakini aliniomba nimwandikie tarehe hiyo kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa, na akaitia kwenye pochi pamoja na kitambulisho chake cha zamani cha reli.